Sensa ya vipepeo na nondo Oman: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wanaojitolea kuhesabu vipepeo na nondo nchini Oman, iwe milima ya Hajar, tambarare za changarawe za katikati ya nchi au Dhofar kule kusini. Hayakufundishi kutambua spishi moja moja. Ni mambo ambayo mtu huuliza kabla ya kufunga mzigo, na mengine huyauliza akisharudi na daftari jeupe.

### Jangwani kuna vipepeo kweli, au tunapotezeana muda?

Wapo, ila usije na mizani ya nchi ya misitu. Kenya inakaribia spishi 900 za vipepeo. Oman ina makumi kadhaa tu. Nondo ndio wengi. Duniani kote spishi takriban 160,000 za nondo na vipepeo zimeshapewa majina ya kisayansi, na kati ya hizo vipepeo ni kama 18,000 tu, wote waliobaki ni nondo. Anayehesabu mchana peke yake jangwani anaacha sehemu kubwa ya kazi ikiwa imelala chini ya mawe ikisubiri jua lizame.

Utamu wa Oman ni mchanganyiko. Nchi imekaa njia panda. Milima ya Hajar kaskazini ina wadudu wenye undugu na wale wa Iran na nchi za Mediterania, kama Papilio machaon mwenye mikia, na Hipparchia parisatis anayetua kwenye mwamba mtupu akapotea machoni pako. Ukishuka Dhofar unakuta Afrika: Charaxes hansali, kwa mfano, wa jamii ile ya vipepeo wanene wenye kasi wanaopenda matunda yaliyooza. Mfano mwepesi zaidi uko kwenye mindimu. Mashamba ya Batinah, pwani ya kaskazini, yana Papilio demoleus, ambaye kwao ni Asia. Salalah, mji mkuu wa Dhofar, unamkuta Papilio demodocus wa Afrika, huyuhuyu anayezurura kwenye michungwa ya Tanga na Unguja. Ukiwaona kwa mbali utaapa ni mmoja, na katikati yao kuna mamia ya kilomita za jangwa.

### Kazi hii si ilishafanywa zamani?

Ilifanywa kwa sehemu. Mwaka 1975 kulikuwa na uchunguzi mkubwa wa mimea na wanyama wa kaskazini mwa Oman, ukafuatwa na wa Dhofar mwaka 1977. Torben Larsen, Mdenmaki aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kufuatilia vipepeo wa Arabuni na Afrika, ndiye aliyeweka msingi wa orodha ya vipepeo wa nchi hii. Kwa upande wa nondo, E. P. Wiltshire, Mwingereza aliyekuwa mwanadiplomasia, aliwachunguza kwa miaka mingi katika nchi za Mashariki ya Kati.

Orodha hizo bado zinatumika, lakini orodha hukuambia nani yupo. Haikuambii kama anaongezeka au anapungua. Tangu wakati ule Muscat imetambaa kwenye pwani, maji ya visima vya Batinah yameingiliwa na chumvi ya bahari, na ngamia wa Dhofar wanalisha mlimani kuliko mlima unavyohimili. Kinachokosekana ni hesabu iliyorudiwa palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka. Hiyo haihitaji shahada. Inahitaji mtu asiyechoka kurudi.

### Niende msimu gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na kalenda ya ukutani haikusaidii sana. Jangwani anayepanga ratiba ni mvua.

Kaskazini, mvua inayotegemewa hunyesha kati ya Desemba na Machi. Muscat hupata takriban milimita 100 kwa mwaka, na mara nyingine sehemu kubwa ya hizo hushuka kwa dhoruba moja. Baada ya mvua nzuri, subiri wiki tatu au nne: mbegu ziote, mayai yatagwe, viwavi wale washibe. Kwa hiyo Februari hadi Aprili ndio msimu wenyewe, na Oktoba na Novemba ni wa pili. Miezi ya joto kali achana na pwani na nyanda za chini. Juni 2018, mji wa Qurayyat ulikaa saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, rekodi ya dunia. Katika hali hiyo hata nondo hawatoki, na wewe pia usitoke. Lakini uwanda wa Saiq, juu ya Jebel Akhdar kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, una hali yake. Kule kiangazi kinavumilika, na mawingu ya radi ya mchana humwaga mvua kidogo mlimani wakati bondeni kumekauka.

Dhofar mambo yamegeuka. Upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukipeleka majahazi kutoka Zanzibar hadi Muscat, husukuma mawingu kwenye milima ya Salalah kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Wenyewe wanauita msimu huo kharifu. Milima inageuka kijani na watalii wanafurika, lakini kwa vipepeo ni msimu mbaya: ukungu, manyunyu, hakuna jua la kupasha mabawa moto. Subiri ukungu uinuke. Kati ya katikati ya Septemba na Novemba, bonde kama Wadi Darbat lina majani mabichi na jua kwa pamoja, na hapo ndipo unahesabu.

Halafu kuna vimbunga. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga maji mengi kiasi kwamba maziwa yalitokea katikati ya jangwa la Rub al-Khali. Nzige walizaliana huko bila mtu kuwaona, na wale waliovamia Kenya mwanzoni mwa 2020 ukoo wao unarudi kwenye mvua hizo. Majani yaliyolisha nzige hulisha viwavi pia. Ukisikia kimbunga kimepita eneo lako na barabara zimeshafunguliwa, ahirisha mengine uende. Ila andika kwenye fomu kwamba huo haukuwa mwaka wa kawaida, la sivyo mtu atakayesoma takwimu baada ya miaka kumi atadhani vipepeo wamepotea kumbe ni mwaka mmoja uliojaa kupita kiasi.

### Nihesabu saa ngapi?

Kanuni za Ulaya zinakutaka usihesabu kukiwa na baridi: Uingereza, kiwango cha chini ni nyuzi 13 zikiwa na jua. Oman tatizo liko upande wa pili. Kipepeo akishapata joto la kutosha huruka, likizidi hujificha kwenye kivuli cha kichaka na kufumba mabawa, na wewe utapita bila kumwona.

Msimu wa Machi na Aprili nyanda za chini, anza saa moja na nusu hivi baada ya jua kuchomoza, na uwe umemaliza saa tano. Kuna duru ya pili jioni, kuanzia saa kumi, japo huwa nyembamba. Ushauri wangu ni kuacha kuhesabu joto likifika nyuzi 37 kivulini. Mlimani wakati wa baridi ni kinyume: kabla ya saa nne hakuna kinachoruka. Upepo ukiwa unayumbisha matawi, ahirisha.

### Lazima nijue mimea?

Ndiyo, na hapa wengi hukata tamaa bure. Huhitaji kujua mimea yote ya Oman. Jua michache tu, kwa sababu kipepeo wa jangwani kwa kawaida hatangitangi ovyo. Kiwavi wake mara nyingi hula mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na mama hatagi mbali nao.

Anza na mswaki, Salvadora persica. Ukiuona umechanua majani laini kwenye mchanga wa pwani au ukingo wa korongo, simama. Colotis phisadia, mweupe mwenye weusi na wekundu wa samoni kwenye ncha za mabawa, hulelewa humo na karibu siku zote anazunguka palepale. Migunga ina vipepeo wadogo wa buluu wa jenasi Azanus, hasa Azanus ubaldus, ambao hurukaruka juu ya taji la mti ambako macho hayafiki. Darubini ya kuangalia ndege inasaidia. Mimea ya jamii ya Capparis na Maerua ina Belenois aurota na Colotis kadhaa. Calotropis procera, kile kichaka cha majani mapana ya kijivu chenye utomvu mweupe, ni nyumba ya Danaus chrysippus. Kiwavi wake ana mistari ya nyeusi, njano na nyeupe na jozi tatu za pembe laini, huwezi kumkosea.

Mkunazi ndio mti wangu wa kumfundishia mgeni. Chuchumaa upande wa jua, tazama matawi ya chini kwa dakika tano. Jike la Tarucus, kipepeo mdogo wa buluu, hutua kwenye kijitawi chenye miiba, hutembea kwa miguu kuelekea chipukizi, hukunja tumbo, huacha yai moja dogo kama punje ya chumvi, kisha huondoka. Geuza majani ya karibu na mwanga. Ukiona michirizi inayopitisha nuru, jani likiwa limekwanguliwa uso mmoja tu na upande mwingine umebaki mzima, kiwavi yuko hapo: kijani, bapa, na mara nyingi sisimizi wadogo wanamzunguka wakilamba majimaji matamu anayoyatoa. Mtu akishaona hilo mara moja hakosi tena kuuangalia mkunazi.

Kwa hiyo kabla ya kuchora njia yako, zunguka eneo na uandike mimea iliyopo na hali yake: mikavu, imechipua, imetoa maua, imeliwa na mbuzi. Safu hiyo ya fomu ina thamani kuliko watu wanavyodhani.

### Njia ya kuhesabia inawekwaje?

Utaratibu unaotumika dunia nzima ulianzishwa na Ernie Pollard huko Uingereza miaka ya 1970, na tangu 1976 umekuwa msingi wa sensa ya nchi ile. Unatembea polepole kwenye njia iliyopangwa, unahesabu kila kipepeo anayeingia katika boksi la kufikirika: mita 2.5 kulia, mita 2.5 kushoto, mita 5 mbele na mita 5 kwenda juu. Aliye nje ya boksi hahesabiwi hata kama ni nadra. Aliyekupita kutoka nyuma hahesabiwi pia, maana huenda umeshamhesabu.

Katika nchi kavu kuna marekebisho mawili. Kwanza, usiiweke njia yote kwenye sehemu nzuri. Kishawishi ni kufuata mfereji wa falaj kutoka mtendeni hadi kwenye chemchemi, na kweli utaona vipepeo wengi, ila utakuwa umehesabu bustani. Gawanya njia vipande: kimoja shambani, kimoja kwenye sakafu ya korongo, kimoja kwenye changarawe tupu, kimoja kwenye mteremko. Kila kipande na hesabu yake. Pili, ongeza vituo vya dakika 15 mahali ambapo vipepeo hukutana. Kwenye mchanga wenye unyevu madume hukusanyika kunywa chumvichumvi. Kwenye vilele vidogo vya milima madume wa Papilio machaon hupiga doria wakisubiri majike. Njia ya kawaida huwakosa wote hawa.

### Nimetembea asubuhi nzima sijaona hata mmoja. Niandike nini?

Andika sifuri. Andika na tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, joto, upepo, mawingu, hali ya mimea, na mvua ya mwisho ilinyesha lini kama wenyeji wanakumbuka. Usiitupe fomu na usisogeze njia upande wa pili wa kilima ili "upate kitu".

Napigia hili msumari kwa sababu ndiko sensa nyingi za jangwani zinakoharibikia. Watu hutuma siku nzuri tu. Matokeo yake takwimu zinaonyesha eneo lenye vipepeo kila mara lilipotembelewa, na hakuna anayejua lilikuwa tupu kwa miezi mingapi. Pupa (hatua kati ya kiwavi na kipepeo) za baadhi ya spishi za nchi kavu huweza kulala zaidi ya mwaka zikisubiri mvua. Sifuri ya mwaka wa ukame ikifuatwa na vipepeo wengi baada ya mvua, hiyo ni habari. Vipepeo wengi bila ile sifuri ya mwanzo ni picha nzuri tu.

### Nondo wanahitaji vifaa gani?

Taa, shuka jeupe na subira. Taa za zebaki za wati 125 ndizo zilizozoeleka zamani. Zina nguvu lakini zinataka jenereta, na jenereta korongoni ni kelele na mzigo. Siku hizi taa ndogo za LED zenye mwanga wa urujuanimno hufanya kazi usiku kucha kwa betri unayobeba mkoba wa mgongoni. Kwa sensa inayorudiwa ningechagua hizo bila kusita, si kwa sababu zinavuta wengi zaidi bali kwa sababu utaweza kuzipeleka mahali palepale kila mwezi.

Kuna namna mbili za kuzitumia. Ya kwanza ni mtego: taa juu ya ndoo yenye faneli, ndani trei za mayai ambamo nondo hujibanza. Unauacha usiku kucha. Sharti moja: uufungue kabla jua halijaupiga. Mtego uliosahaulika hadi saa tatu asubuhi Oman ni tanuri, na ukiacha nondo wakiwa wameganda nje yake shore watakuwa wamekutangulia.

Ya pili ni shuka lililotundikwa kati ya nguzo mbili, na wewe umekaa hapo. Hii ndiyo inayofundisha. Giza likishaingia tu hufika nondo wadogo wa familia ya Crambidae na Pyralidae, mabawa yamelala kwa pembe tatu, hawatulii. Kufikia saa mbili usiku wanaanza Noctuidae, kijivu, kahawia, kijivu tena, mpaka utazame kwa karibu uone mistari. Halafu kitu kizito kinagonga shuka. Ni Hyles livornica, mistari myeupe kwenye bawa la mbele na waridi bawa la nyuma, anatetemesha mabawa hata akiwa ametua. Chini ya shuka mjusi kafiri ameshajua ratiba, na kuna wakati buibui wa jua hupita mbio akakamata kilichoanguka. Hana sumu, ingawa mwendo wake utakurusha kitini.

Saa moja hadi saa tano usiku inatosha kwa shuka. Usiku mzima wacha mtego ufanye.

### Mbalamwezi ina shida?

Ina shida. Mwezi ukiwa mpevu wanaokuja kwenye taa hupungua sana. Panga usiku wa mwezi mwandamo au siku chache kando yake, na kama huna budi, andika hali ya mwezi.

### Kwa nini nondo huzunguka taa hata hivyo?

Maelezo ya miaka mingi yalikuwa kwamba wanaidhania taa kuwa mwezi. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliotumia kamera za kasi, ukaonyesha jambo jingine: mdudu anaporuka huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, maana kwa kawaida mwanga uko juu. Karibu na taa silika hiyo humpindisha, mgongo unaelekea taa, na anajikuta anazunguka bila kutoka. Kwa hiyo taa inawanasa zaidi wapitao jirani; haiwaiti kutoka mbali. Ndiyo maana mtego mmoja hausemei korongo zima.

### Picha ya simu inatosha kutambua spishi?

Kwa vipepeo wengi inatosha ukipiga pande zote mbili za bawa. Wadogo wa buluu hutambuliwa upande wa chini, na picha ya mabawa yaliyofunuliwa peke yake haina maana kwao. Kwa Danaus chrysippus, angalia bawa la nyuma: ana madoa meusi matatu au manne katikati. Jike wa Hypolimnas misippus, anayemwiga ili ndege wamwogope, ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Wageni huwachanganya hawa kila msimu.

Tarucus ni habari nyingine. Rosaceus na balkanicus wamefanana kiasi kwamba mara nyingi uhakika hupatikana kwa kupasua viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Kwa nondo wengi wa kijivu ni hivyohivyo, au kwa kusoma kipande cha DNA. Usione aibu kuandika "Tarucus sp." na kuishia hapo. Jina la jenasi lililo sahihi ni bora kuliko jina kamili la kubahatisha.

### Nahitaji kibali?

Kutazama na kupiga picha maeneo ya wazi, hapana. Kukusanya, kuingia hifadhi kwa utafiti au kutoa sampuli nje ya nchi, wasiliana kwanza na Mamlaka ya Mazingira ya Oman, mapema. Sheria ya hifadhi za asili na wanyamapori ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 2003, na haichezewi.

Mengine ni ya kiutaratibu. Barabara ya Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi Birkat al-Mouz, na gari lisilo la magurudumu manne yanayovuta halipandi. Kilele kikuu cha Jebel Shams ni eneo la jeshi. Usielekeze kamera huko. Kabla ya kutundika shuka lenye mwanga wa buluu karibu na kijiji, nenda kamsalimie mzee wa pale na umweleze. Mwanga wa ajabu korongoni saa tatu usiku huzua maneno, na salamu iliyotangulia huishia kwa kahawa na tende.

### Nijihadhari na nini?

Maji kwanza. Korongo huweza kufurika mbingu ikiwa safi juu yako, kwa mvua iliyonyesha mlimani kilomita nyingi kutoka hapo. Usitege mtego wala usilale kwenye sakafu ya korongo kukiwa na mawingu upande wa milima. Nyoka wa jenasi Echis wapo kwenye makorongo ya Hajar na hutoka usiku, karibu na maji hasa. Vaa viatu vilivyofunika kifundo na usiingize mkono chini ya jiwe kutafuta nondo aliyeanguka. Kung'uta viatu asubuhi, nge hupenda ujoto wake. Na usiende peke yako.

### Vumbi la mabawa linapofusha macho?

Halipofushi. Ni magamba madogo sana yanayofunika bawa na kulipa rangi. Likiingia jichoni linawasha, osha kwa maji. Wanaopaswa kuangalia ni wenye pumu wanaofanya kazi na mitego iliyojaa, na viwavi wenye manyoya usiwashike kwa mkono mtupu.

### Wakulima wanasema tunawahesabu wezi wao. Tuwajibu nini?

Wana haki yao. Jebel Akhdar makomamanga ndiyo fedha, na Deudorix livia, kipepeo mdogo mwenye dume la rangi ya shaba, hutaga kwenye tunda; kiwavi hutoboa akala ndani, na ukungu unamalizia. Mitende ina Batrachedra amydraula, nondo mdogo ambaye viwavi wake hukausha tende zikiwa changa zikawa nyekundu. Kwa Kiarabu wanauita ugonjwa huo humaira. Viwavi wa Papilio demoleus hunyoa miche ya ndimu. Wafuga nyuki nao wanamjua Acherontia styx, nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni, anayeingia mzingani usiku kunyonya asali na hulia akibanwa.

Jibu la maana si kuwatetea vipepeo. Ni kumwambia mkulima kwamba hesabu zako zitamwonyesha lini Deudorix wanaanza kuruka, ili afunike matunda mapema. Ukimpa hilo, atakuruhusu kupita shambani kwake miaka yote. Mwulize pia, kwa sababu anajua vitu: nani wa kwanza kukuambia mwaka huu wameanza mapema, kama si yeye?

### Niliona vipepeo mamia wakienda upande mmoja. Nawahesabuje?

Hao wanahama. Mara nyingi ni Vanessa cardui, Belenois aurota au Catopsilia florella. Acha utaratibu wa boksi. Simama, chagua alama mbili mbele yako, tuseme mtende na jiwe, hesabu wanaokatiza mstari huo kwa dakika tano, pumzika, rudia. Andika upande wanakotoka na wanakoelekea kwa dira, si kwa kukisia, na upepo unavuma kutoka wapi. Angalia pia mabawa yao kama yamechakaa au mapya: mapya maana yake wamezaliwa si mbali.

### Daftari liandikwe vipi?

Kwa penseli, wino huyeyuka na jasho. Majiranukta, yaani namba za mahali ulipo, kwa desimali kutoka GPS. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24, yaani 08:00 na si "saa mbili", hasa kundi lenye Waswahili na wasio Waswahili pamoja, maana nondo wa saa mbili usiku akiandikwa 02:00 takwimu zote za usiku huo zimepinda. Jina la mahali liandike kama wenyeji wanavyolitamka, kisha kama ramani inavyoliandika.

### Hesabu zangu zinaenda wapi?

Picha zipeleke kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wanaojua wadudu wa Arabuni watakusaidia majina, na zikishathibitishwa huingia kwenye hazina ya GBIF inayosomwa na watafiti wote. Lakini iNaturalist haipokei sifuri. Kwa hiyo fomu za njia yako, zile tupu kuliko zote, zihifadhi kwenye jedwali lake, nakala mbili, na uwape wanaoratibu sensa kila mwisho wa msimu.

### Siwezi kwenda mlimani. Naweza kusaidia nikiwa mjini?

Unaweza. Chagua bustani moja, au hata mkunazi mmoja ulio nje ya nyumba ya jirani, na uuhesabu dakika 15 kila Ijumaa asubuhi. Muscat ina maua ya barabarani yanayomwagiliwa mwaka mzima, na hatujui bado ni spishi zipi zinayatumia kuvuka kiangazi. Anza Juni, wakati ambao hakuna mwingine atakayehesabu.